Siku Tulipotoa Makochi Nje

Ngarenaro, Jumapili alasiri

Mwanangu Aika,

Mmeondoka wewe na baba yako kwenda Kimandolu kumuaga shangazi, na ninavyomjua shangazi yako, hawaachii wageni kabla hawajala wakashiba na kufungashiwa. Kwa hiyo nina alasiri yote. Nyumba imetulia kiasi kwamba nawasikia kuku wa jirani.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa, wala chandarua, wala namna ya kuficha nauli. Hayo nimeyasema wiki nzima, mpaka umeanza kunimalizia sentensi. Ninalotaka kukuambia ni jingine. Naliandika kwa sababu kwa mdomo nitaanza kulia, au wewe utaanza kunitania, na mazungumzo yataishia hapo.

Juzi ulipokuwa unakunja nguo ulisema, "Mama, nikianza tu kazi Mwanza, cha kwanza natafuta seti nzuri ya sebuleni. Na mimi nataka nikae kama watu." Nikacheka, nikakujibu, "Haya, bosi." Lakini maneno hayo yamenikaa moyoni tangu juzi. Si kwamba umekosea. Ni kwamba niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, hivyo hivyo, na yakanipeleka mahali ambapo wewe ulikuwepo lakini ulikuwa mdogo mno kupaona.

Ulizaliwa miaka ya foleni. Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu, na kabla ya kwenda shule nilipitia duka la ushirika kuweka jiwe langu kwenye mstari, kwa sababu mtu hawezi kusimama kutwa nzima, lakini jiwe linaweza. Jioni ningekuta mawe yamesogezwa na sabuni imekwisha. Tuliishi katika nyumba hii hii, ya mjomba wa baba yako. Sisi tulikuwa na vyumba vya mbele na sebule. Chumba cha uani alikaa Mama Zuhura na mumewe, watu wa Kondoa, yeye mumewe akiwa fundi cherehani pale barazani. Mche wa sabuni ukipatikana, mimi na Mama Zuhura tuliukata katikati kwa uzi. Ukikosekana tulifulia majani ya mpapai. Asubuhi, wa kwanza kuwasha jiko alimgawia mwenzake moto kwenye kijiko. Nepi zako zilikuwa shati la baba yako, na aliyezikata na kuzipinda pindo ni mume wa Mama Zuhura.

Kuna watu siku hizi wanasema maisha yale yalikuwa mazuri kwa sababu tulipendana. Ukikutana nao, waambie mama yangu alikuwepo na hakuyapenda. Tulipendana, ndiyo. Lakini kukosa sukari ya uji wa mtoto si fadhila. Mtu aliyekosa hajachagua chochote. Nakuomba usije ukachanganya mambo haya mawili, maana watu wazima wenye akili zao huyachanganya.

Halafu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Siku moja unapita mjini maduka yana rafu tupu na viberiti, na baada ya muda kidogo unapita, madirisha yamejaa vitu ambavyo ulivisahau majina. Nilisimama mbele ya duka moja nikiangalia chupa za chai zenye maua, nimekushika mkono, na nikahisi njaa ambayo haikuwa ya tumbo. Mshahara wa ualimu haukutosha hata kuzisogelea zile chupa. Mwezi uliofuata niliacha kazi. Nikaungana na akina mama waliokuwa wakivuka Namanga kwenda Nairobi, tukirudi na masufuria, mapazia, vikombe, chochote kilichobebeka. Nilikuwa na mdomo, kama unavyojua. Vitu vikauzika.

Na kila safari, kabla ya kuuza, nilijiwekea kimoja.

Ndipo yakaja makochi. Unayakumbuka? Rangi ya damu ya mzee, yenye mikono minene kama mapaja. Niliyaacha na nailoni zake za dukani ili yasichafuke, na juu ya nailoni nikatandaza vitambaa vya kufuma. Likafuata kabati la vyombo, refu hadi karibu na dari, tukalisimamisha mbele ya dirisha kwa sababu ukuta mwingine haukulitosha. Zikafuata stuli, maua ya plastiki, saa ya ukutani yenye ndege anayetoka kuimba, na televisheni yenye antena ndefu juu ya paa ya kunasa picha za Kenya, ambazo mara nyingi zilikuwa ni mvua tupu. Kupita kutoka mlango mmoja hadi mwingine ilibidi utembee ubavu ubavu. Ufunguo wa sebule niliufunga pindoni mwa khanga. Sisi wenyewe tulikula kwenye korido, tumebanana kama wapangaji.

Kile kiti cha uvivu cha baba yako, cha kitambaa, ambacho alizoea kukaa jioni akisikiliza redio, nilikipeleka stoo. Nilimwambia hakiendani. Hakubishana. Unajua baba yako, akikasirika hunyamaza, na akifurahi hunyamaza pia, ukiwa na haraka huwezi kutofautisha. Na mimi nilikuwa na haraka.

Bibi yako alishuka kutoka Akheri siku moja na mkungu wa ndizi na kibuyu cha maziwa. Nikamfungulia sebule kwa fahari. Alisimama mlangoni, akaangalia, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Wageni wa chumba hiki huja lini?"

"Wewe ndiye mgeni, mama. Karibu ukae."

Akakaa. Nailoni ikalia chini yake. Kisha akasema anasikia baridi, bora akae jikoni karibu na moto. Alikaa jikoni mpaka alipoondoka. Niliwaambia watu kwamba wazee wa mlimani hawajazoea.

Lakini lililoniuma baadaye zaidi ni la Mama Zuhura. Alikuja siku moja amembeba Zuhura, na Zuhura ana kikombe cha uji mkononi. Alikuwa amezoea kuingia bila hodi, tangu zamani, kwa hiyo alinikuta nimefungua sebule nafuta vumbi, akaingia na kukaa. Uji ukamwagika kidogo tu kwenye nailoni. Kwenye nailoni, Aika, si kwenye kitambaa! Nikasema, "Mama Zuhura, si mtoto akae chini kidogo?" Nilisema huku natabasamu. Akajibu, "Hamna neno." Akafuta kwa khanga yake, akambeba mtoto, akarudi chumbani kwake. Tangu siku hiyo tuliendelea kusalimiana uani, tukagawiana chumvi, tukaulizana hali za watoto. Hatukugombana hata kidogo. Ila hakukanyaga tena sebuleni kwangu, na mimi nikajifanya sijaona. Miaka ikapita namna hiyo, ua mmoja, kamba moja ya kuanikia nguo.

Kisha mumewe akafa.

Alipatwa na homa, akapelekwa hospitali, na alfajiri tukasikia kilio kutoka chumba cha uani. Ulikuwa mwezi wa saba, baridi ile ya Arusha inayoingia hadi kwenye mifupa, na manyunyu hayakatiki. Wanaume walikaa barazani na kwenye kichochoro, wakajifunika makoti. Wanawake walianza kufika mmoja mmoja, kisha makundi makundi. Chumba cha Mama Zuhura kilikuwa na kitanda, cherehani na masanduku, basi. Walijaa mpaka mlangoni, wengine wakabaki uani wakinyeshewa, wamefunika watoto kwa khanga. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha maji ya chai kwenye sufuria kubwa, najiona ninasaidia.

Akaja Bi Mwanaidi, yule mama mnene aliyekuwa akiwaongoza wanawake kwenye dua. Nyuma yake walikuwa wengine wawili. Akasema:

"Mama Aika, tumekuja kuomba chumba. Marehemu atazikwa alasiri, lakini matanga ni siku kadhaa, na huyu mjane hana pa kukalisha watu. Sebule kubwa hapa ni yako."

Nataka nikuambie kweli kilichonijia kichwani. Sikumfikiria Mama Zuhura. Nilifikiria nyayo za matope. Nikaona jinsi watakavyobeba kabati, na vile vioo. Nikasema, "Ngojeni nikamuulize Baba Aika."

Baba yako alikuwa kwenye kibanda chake cha saa na redio, hapo mtaa wa pili. Nilitembea kwenye manyunyu nikiomba akatae. Akikataa yeye, mimi ningebaki mwema. Nilimkuta ameinama juu ya saa ya mkononi, ile lenzi iko jichoni. Nikamweleza. Hakuinua kichwa mara moja. Alimaliza kukaza alichokuwa akikaza, akatoa lenzi, akaniangalia.

"Unaniuliza mimi?" akasema. "Ufunguo si uko pindoni mwako?"

Basi. Akafunga kibanda. Tulirudi pamoja, na nilipofungua mlango wa sebule, yeye ndiye aliyeshika kochi la kwanza upande mmoja, akamwita kijana wa gereji ashike upande wa pili.

Hukuwahi kuona vurugu kama ile. Makochi yale yalikuwa yameingia kabla ya kabati, na sasa kabati limebana njia. Walilisogeza, likakwama. Fundi mmoja akasema mlango ung'olewe. Mwingine, mlevi kidogo hata asubuhi ile, akasema kung'oa ukuta ni rahisi zaidi. Watu walikuwa wanalia uani na wengine wanacheka sebuleni, na msiba huwa hivyo, utakuja kuona. Wakaligeuza kochi, likasimama kama mtu, likapita. Nailoni ikanasa kwenye bawaba ikachanika kuanzia juu mpaka chini. Niliusikia mlio ule mpaka kwenye meno. Kila kitu kikatoka: kabati, stuli, televisheni, maua. Vikapangwa barazani, vingine kichochoroni chini ya turubai, kama mali ya mtu aliyefukuzwa nyumba.

Wanawake wakaingia na mikeka.

Nilisimama mlangoni, Aika, nikashindwa kukitambua chumba changu. Kuta zilikuwa na mistari ya vumbi palipoishia migongo ya makochi. Na kule lilikosimama kabati, palikuwa na dirisha. Nililijua lipo, bila shaka, nililisahau tu. Mtu akalifungua ili hewa ipite. Mwanga ukaingia mpaka katikati ya sakafu. Mlima haukuonekana siku ile, mawingu yalikuwa chini sana. Keshoye, walipokuwa wanasoma dua, wingu likafunguka kwa muda mfupi, na Meru wote ukawa hapo dirishani, mweusi, umelowa. Wanawake wawili watatu wakageuka kuutazama, kisha wakarudia dua zao.

Mama Zuhura walimwingiza wakamkalisha ukutani, miguu ameinyoosha, amejifunika kichwa. Nikakaa kando yake, kwa kuwa mwenye nyumba hana budi kukaa. Nilikuwa na maneno yote ya pole, ya Kiislamu na ya Kilutheri, na hakuna lililotoka. Tulikaa hivyo kwa muda mrefu, mabega yetu yakigusana. Watu wakaingia, wakalia, wakatulia. Mwishowe akasema, chini chini, bila kunitazama:

"Nilisahau kwamba chumba chako ni kikubwa hivi."

Nikamwambia, "Hata mimi."

Akanishika mkono. Hatukuwahi kuuongelea ule uji, si siku ile wala baadaye. Naamini ilitosha. Au labda alikuwa amechoka na mimi nimejisamehe mwenyewe, sijui. Ninachojua ni kwamba alilala usingizi akiwa ameegemea bega langu, mchana kweupe, katikati ya watu wote wale, na sikuthubutu kusogea mpaka bega likafa ganzi.

Siku zote za matanga wewe na Zuhura mlilala kwenye mkeka mmoja na watoto wengine, mmejipanga kama viazi. Siku ya mwisho ulinivuta khanga ukaniuliza, "Mama, watu wataondoka leo?" Nikajibu ndiyo, vumilia. Ukaanza kulia. Ukasema, "Waambie wasiondoke."

Walipoondoka, na Mama Zuhura alipokwishaingia chumbani kwake kukaa eda, vijana wakaja kuniuliza, "Mama Aika, turudishe vitu?"

Nikasema, "Acheni kwanza."

Usidhani nilikuwa nimepata ufunuo. Nilikuwa nimechoka, na makochi mawili yalikuwa yamelowa upande mmoja, yalihitaji jua, na jua halikuwepo. Ndiyo sababu, hakuna nyingine. Lakini jua lilipotoka, nikasema kesho. Kesho ilipofika nikasema Jumamosi.

Jioni moja nikatoka jikoni, nikakuta baba yako amekileta kile kiti cha uvivu kutoka stoo. Amekiweka katikati ya chumba kitupu, redio sakafuni. Wewe uko chini unachora kwa chaki kwenye sementi. Nikachukua kigoda nikakaa. Redio ilikuwa inasema habari za bei ya kahawa. Ilipokwisha aliizima, na hilo halikuwa jambo lake la kawaida.

"Nilikuwa nimepanga kwenda Mererani," akasema.

Nilifikiri sikusikia vizuri. Mererani, machimboni? Mtu wa lenzi na bisibisi ndogo?

"Watu hawatengenezi tena saa," akasema. "Zinakuja mpya kwa bei ya kutengenezea moja. Redio pia. Inapita wiki sijafungua hata moja. Nikasema niende nikajaribu bahati kwenye mawe. Nguo nilikwishazitenga."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akatazama kuzunguka kile chumba. "Kila nikitaka kukuambia, sikuona pa kukaa."

Mwanangu, nimeambiwa maneno makali maishani mwangu, na mengine niliyastahili. Hakuna lililoingia kama hilo, na hakulisema kwa ukali. Mume wangu alikuwa na hofu iliyotaka kumpeleka shimoni, na mimi nilikuwa nafuta vumbi kwenye maua ya plastiki. Tuliongea mpaka ukalala sakafuni na chaki mkononi. Hakwenda Mererani. Faida ya biashara yangu, badala ya kununua kitu kingine cha kuweka kwenye kabati, ilimpeleka kujifunza televisheni na video kwa fundi wa Kihindi kule mjini, kwa maana zile tulizokuwa tunaziingiza kwa fujo zilikuwa zinaharibika kwa fujo vilevile. Huo ndio mkate uliokusomesha.

Ningependa kukuambia kwamba kuanzia hapo nilikuwa mtu mwingine. Sivyo. Mtaani zikaenea habari kwamba nimefilisika. Walioyaona makochi nje walihesabu kwamba mnada umepita. Mama yako mdogo alikuja kutoka Moshi na mfuko wa mchele na uso wa msiba, akanivuta pembeni: "Dada, sema tu ukweli, sisi ni ndugu. Wamekuchukulia kila kitu?" Nikamwambia makochi yapo, yako barazani. Akaniangalia kama mtu aliyerukwa na akili. Niliona aibu kiasi kwamba jioni ile niliwaita vijana wayarudishe. Walikwishainua moja. Bibi yako wa Akheri hakuwepo, Mama Zuhura alikuwa edani, baba yako kazini. Hakuna aliyenizuia. Nilisimama tu pale mlangoni, nikaliona dirisha, nikajiuliza kabati litakaa wapi. Nikawaambia vijana waliteremshe kochi, nikawapa chai.

Makochi nilimuuzia mwenye nyumba ya wageni. Kabati lilienda kanisani, kwaya wanaweka majoho yao humo mpaka leo. Televisheni ilibaki, napenda tamthilia, wala siombi radhi. Na miaka miwili baadaye nilinunua friji kubwa kuliko jiko letu, tukalazimika kuliweka korido, kwa hiyo usinione mtakatifu. Lile friji wewe ndiye uliyelipa jina la Mzungu, kwa kuwa lilikuwa jeupe na liliongea peke yake.

Nimefikiri sana nini hasa kilibadilika. Si kwamba nilichukia vitu. Bado nikiona chupa ya chai nzuri moyo unaruka. Ila nilijua kwamba kila kitu ninachokiingiza ndani kinadai mahali pa kukaa, na mahali hapo panatoka kwa mtu. Kinadai pia kufutwa, kulindwa, kuogopewa watoto. Zamani niliona mtu mwepesi wa maisha ni mtu aliyekosa. Sasa naona ni mtu ambaye mgeni akibisha hodi, hahitaji kutafuta ufunguo. Nimeipata tafsiri hiyo kwa gharama, na huenda wewe utapata yako iliyo bora.

Biashara sikuiacha. Nilipunguza safari, nikafungua kaduka pale mbele, na mchana watoto wa mtaa wakaanza kuja kufundishwa hesabu kwenye mkeka sebuleni, kwa sababu palikuwa na nafasi na mimi nilikuwa nimeukumbuka ualimu. Uliona mwenyewe jinsi walivyozidi. Wewe ulijifunzia humo mgawanyo mrefu, ukilia. Baba yako alikuwa akirudi anawaruka watoto kwenda kwenye kiti chake, na kama una masikio ulisikia kwamba alikuwa anaimba kidogo kidogo.

Hivyo ukinunua seti yako Mwanza, nunua. Sitakuja kuikagua. Umesoma, utafanya kazi ya maabara, utakuwa unatazama damu za watu kutwa nzima ukitafuta kinachowaua. Mtu wa kazi kama hiyo anastahili kiti cha kuegemea. Ila ukipata chumba, kaa humo kwanza kikiwa kitupu, walau siku chache. Mwalike jirani, hata kama hamna pa kukaa isipokuwa sakafu na hamna cha kula isipokuwa karanga. Uangalie mwanga unaingilia wapi. Halafu ndipo uweke vitu, vikizunguka hayo uliyoyaona. Mimi nilianza na vitu, watu nikawatafutia mahali baadaye, na ilikuwa karibu wasipate.

Na kama utakosea, kama nilivyokosea, usiogope. Hili ndilo nililotaka hasa kulisema, na nimezunguka sana kulifikia. Kitu kilichoingia mlangoni kinaweza kutoka mlangoni. Kitachanika kidogo, watu watakusema, dada zako watakuletea mchele. Lakini kinatoka. Sijaona chumba kilichojaa mpaka kikashindikana kutolewa vitu, wakijitokeza watu wanne na mmoja wao anapenda kucheka.

Nikuambie pia la mwaka jana, ulipokuwa chuoni. Siku ya harusi ya Zuhura nilikwenda Soko Kuu mapema kutafuta vitunguu. Niliporudi, viti vyetu vyote vilikuwa nje barazani, mikeka imetandikwa, sebule imejaa wanawake, nao wanampaka hina Zuhura katikati, na Mama Zuhura amekaa kwenye kiti cha uvivu cha baba yako kama malkia. Hakuna aliyeniomba ruhusa. Bi Mwanaidi, sasa mzee kabisa, alinitazama mlangoni nimeshika kikapu, akaniambia, "Mama Aika, vua viatu, unaingiza vumbi." Nikavua viatu kwenye mlango wa nyumba yangu. Sikumbuki lini nimewahi kuwa na furaha kama ile.

Nenda, mwanangu. Mungu tuliyemshukuru kwa jina lako, maana Aika ni asante, akutangulie huko ziwani. Nakuombea kazi njema, afya, na mume ukimtaka. Zaidi ya yote nakuombea nyumba ambayo siku watu wana furaha hawatakuuliza, na siku wana msiba hawatasita.

Ni mimi mama yako, ninayekupenda kuliko ninavyojua kusema nikiwa nimekutazama usoni.